Sura ya Sita: Pale Mistari Inapogeuka Kijivu

Chukua kadi yenye mistari myeusi na myeupe iliyopangwa kwa makundi, kila kundi likiwa na mistari myembamba kuliko lililotangulia. Ioneshe kwenye skrini, kisha useme ni kundi gani la mwisho ambalo bado unaweza kuhesabu mistari yake. Kwa miaka mingi hivi ndivyo ukali wa picha ulivyopimwa. Jeshi la Anga la Marekani lilitoa kadi yake mwaka 1951 na maabara za macho bado zinaitumia. Katika kila hatua ya kadi hiyo mistari husongamana zaidi kwa asilimia 12 hivi. Njia hii ni rahisi, na jibu lake ni namba moja inayoeleweka na kila mtu: jozi kadhaa za mistari kwa milimita.

Namba hiyo moja imewapotosha wanunuzi, wahandisi na madaktari. Inawezekana kabisa kuweka skrini mbili mezani, ya pili ikaishinda ya kwanza kwa kuhesabu mistari, na bado kila anayezitazama akaichagua ya kwanza kuwa ndiyo kali. Macho ya mtazamaji hayajakosea hapo. Kosa liko kwenye kipimo, na kulitambua kulihitaji watu waliofikiri kwa namna tofauti kabisa.

Skrini ninazozizungumzia ni zile ambazo picha zake hutokana na unga unaong'aa. Unga huo, fosfa, hupakwa juu ya kioo au karatasi ngumu, na ukipigwa na elektroni au eksirei hutoa mwanga unaoonekana. Wilhelm Conrad Röntgen aligundua eksirei mjini Würzburg tarehe 8 Novemba 1895 kwa sababu kadibodi iliyopakwa kemikali ya bariamu na platinamu iling'aa gizani bila sababu aliyoijua. Karl Ferdinand Braun alitengeneza mrija wake wa elektroni mwaka 1897, na kutoka kwake zikaja televisheni zote zenye kisogo kirefu, skrini za rada, na mashine za kuonesha mapigo ya umeme maabarani. Darubini za kuonea usiku zina skrini ya fosfa ndogo kuliko sarafu. Kaseti ya filamu ya eksirei hospitalini nayo ina skrini hiyo ndani yake, ingawa mgonjwa haioni.

Katika zote hizi adui wa ukali ni yuleyule. Mwanga unaozaliwa ndani ya unga hautoki moja kwa moja kuelekea kwako. Unagonga chembe moja, unarushwa kwenda nyingine, unaingia kwenye kioo, unarudi, na mwishowe unatoka mahali palipo mbali kidogo na pale ulipozaliwa. Nukta iliyoingia ikiwa kali kama ncha ya sindano hutoka imetanuka, kama tone la wino kwenye kitambaa cha pamba. Kupima ukali wa skrini ni kupima mtanuko huo: mwanga umeenda umbali gani, na kiasi gani kimekwenda huko.

Sasa angalia kinachotokea kwa mistari. Mstari mweupe ukitanuka, mwanga wake unamwagikia mweusi wa jirani. Weusi unapanda, weupe unashuka, na vyote viwili vinaelekea kwenye kijivu. Mistari ikiwa minene, umwagikaji huo ni wa pembeni tu na katikati hapaguswi. Ikiwa myembamba, hakuna sehemu iliyobaki salama. Basi swali la maana si kama mistari bado inaonekana. Swali ni kiasi gani cha utofauti kati ya weupe na weusi kimesalia katika kila msongamano wa mistari. Utofauti huo una hesabu yake ya kawaida: chukua mwanga wa sehemu nyeupe, toa mwanga wa sehemu nyeusi, kisha gawanya kwa jumla ya viwili hivyo. Weupe ukiwa 90 na weusi 10, utofauti ni asilimia 80. Weupe ukishuka hadi 60 na weusi ukipanda hadi 40, umebaki na asilimia 20.

Wazo la kupima hivyo kwa kila msongamano, kuanzia mistari minene hadi ile isiyoonekana, lilitoka kwa watu wa redio na televisheni. Otto Schade alikuwa mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani katika miaka ya 1920 na kufanya kazi katika kampuni ya RCA. Wahandisi wa redio hawakuwa na mazoea ya kusema kwamba kipaza sauti kinafika kwenye sauti fulani nyembamba na basi. Walichora grafu: sauti nzito inapita kwa kiasi gani, ya kati kiasi gani, nyembamba kiasi gani. Schade alichukua grafu hiyo na kuihamishia kwenye picha. Kuanzia mwaka 1948 alichapisha mfululizo wa makala ndefu akionesha kwamba lenzi, filamu, kamera ya televisheni na skrini ya fosfa vyote vinaweza kupimwa kwa kipimo kimoja, na kwamba vikifuatana katika mnyororo, namba zao zinazidishwa. Lenzi ikipitisha asilimia 80 ya utofauti katika msongamano fulani, kamera asilimia 70 na skrini asilimia 50, mtazamaji atapata asilimia 28. Hakuna kiungo kinachoweza kurudisha kile ambacho mwenzake amekwisha kupoteza, isipokuwa kwa kukuza umeme wa picha, na hapo chengachenga nazo hukuzwa pamoja nayo.

Mwingine alikuwa John Coltman wa kampuni ya Westinghouse, na kwangu mimi yeye ndiye anayestahili kukumbukwa zaidi na kila anayefanya kazi na skrini za fosfa. Mwaka 1948 aliwasilisha kikuza picha cha eksirei, mrija unaopokea mwanga hafifu wa skrini moja ya fosfa, unaugeuza kuwa elektroni, unaziharakisha na kuzigongesha kwenye skrini ndogo ya pili inayong'aa mara nyingi zaidi. Kabla ya hapo daktari alilazimika kukaa gizani mpaka macho yazoee ndipo aone kivuli cha utumbo wa mgonjwa. Mrija huo ulipokuwa tayari, Coltman alihitaji kujua umepoteza ukali kiasi gani, na kadi za mistari hazikumridhisha. Mwaka 1954 alichapisha hesabu inayobadilisha vipimo vya mistari yenye kingo kali kuwa vipimo vya mawimbi laini, yale ambayo mwanahisabati Mfaransa Joseph Fourier alionesha mwaka 1822 kwamba umbo lolote linaweza kuundwa kwayo. Mistari yenye kingo kali huipendelea skrini, wakati mwingine kwa zaidi ya robo ya thamani halisi. Mawimbi hayampendelei yeyote. Coltman huyohuyo alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akichunguza jinsi filimbi inavyotoa sauti, na sishangai: aliyezoea kusikiliza mawimbi alikuwa tayari kuyaona.

Grafu waliyotuachia, wahandisi huiita MTF. Mhimili wa chini ni msongamano wa mistari, mhimili wa wima ni sehemu ya utofauti inayopita. Inaanzia juu, asilimia 100, kisha inateremka. Namna inavyoteremka ndiyo tabia ya skrini.

Tuzirudie zile skrini mbili za mezani, safari hii kwa hesabu. Ya kwanza, tuiite A, inatanua kila nukta kwa umbo la kengele ambalo kitaalamu lina upana wa milimita 0.1 kutoka katikati hadi kwenye kipimo kinachoitwa mkengeuko sanifu. Ya pili, B, ina kengele nyembamba zaidi, milimita 0.08, lakini robo ya mwanga wake inapotea kama ukungu mpana unaosambaa mbali. Kwenye jozi 4 za mistari kwa milimita, A inapitisha asilimia 4 tu ya utofauti na B asilimia 10. Kwa kadi ya mistari, B imeshinda bila ubishi. Kwenye jozi 2 zinalingana, asilimia 45 kila moja. Lakini shuka kwenye jozi moja kwa milimita: A inapitisha asilimia 82, B asilimia 66. Shuka tena hadi nusu jozi: A asilimia 95, B asilimia 73.

Mtu aliyekaa nusu mita kutoka kwenye skrini ana macho yenye wepesi mkubwa karibu na hapo kwenye nusu jozi kwa milimita. Ndipo ulipo mstari wa shavu, ukingo wa mbavu kwenye picha ya kifua, kope za mtangazaji. Mistari ya jozi 4 kwa milimita, kwa umbali huo, imo mpakani mwa uwezo wa jicho. B inashinda mahali ambapo jicho halifaidiki na kushindwa mahali ambapo jicho linafanyia kazi. Ndiyo sababu A inaonekana kali.

Ukungu wa B si jambo la kubuni. Kwenye mrija wa televisheni unatokana na kioo cha mbele. Mwanga kutoka kwenye fosfa unaingia ndani ya kioo kwa pembe zote, na ule unaofika upande wa pili kwa mlalo wa zaidi ya nyuzi 42 hivi hautoki kabisa. Unarudishwa ndani mpaka kwenye fosfa na kuiangaza upya. Kwa kioo chenye unene wa milimita 10, mwanga huo unarudi kuanzia karibu milimita 18 kutoka kwenye doa lililouzaa. Doa moja angavu kwenye skrini nyeusi huzungukwa na pete hafifu. Picha nzima ikiwa na maelfu ya madoa, pete hizo zinachanganyika na kuwa pazia la kijivu. Kadi ya mistari myembamba hailioni pazia hili vizuri, kwa sababu linaangukia mistari myeupe na myeusi kwa usawa na mistari inabaki kuhesabika.

Dawa yake ni ya kustaajabisha kwa urahisi wake. Watengenezaji walitia kioo rangi ya kijivu. Tuseme kioo kinapitisha nusu ya mwanga. Mwanga wa picha unakivuka mara moja, unabaki nusu. Mwanga wa pete unakivuka angalau mara tatu, kwenda, kurudi na kutoka, unabaki chini ya thumuni. Ukilinganisha na picha, pazia limepungua mara nne. Skrini imepoteza nusu ya mng'ao wake na imepata ukali. Wale waliokuwa na televisheni za zamani wanakumbuka kioo chake kilivyokuwa cheusi-kijivu ikizimwa. Sasa wanajua kwa nini.

Doa lenyewe lilikuwa na kipimo chake cha fundi, kizuri kwa sababu hakikuhitaji chombo chochote. Chora kwenye mrija mistari ya mlalo ambayo idadi yake unaijua, kisha punguza urefu wa picha taratibu mpaka mistari iungane na kuwa bati moja la mwanga. Gawanya urefu uliobaki kwa idadi ya mistari, na umepata upana wa doa. Kwa doa la umbo la kengele, jibu ni upana wa pale ambapo mwanga umeshuka hadi asilimia 60 hivi ya kilele chake. Kwa skrini A tuliyoitaja, ungepata milimita 0.2. Sharti ni kutaja mng'ao uliotumika, maana elektroni zikiongezwa ili picha ing'ae, zinasukumana na doa linanenepa. Mrija uliopimwa ukiwa hafifu na kuuzwa kama skrini angavu ni mrija uliosifiwa kwa kazi isiyokuwa yake.

Kwenye televisheni ya rangi kulikuwa na kizuizi kingine. Zanzibar ilipoanza kurusha matangazo ya rangi katika miaka ya 1970, kabla Tanzania Bara haijawa na televisheni, picha ilikuwa ya mistari 625, ambayo kama 575 ndiyo iliyobeba picha yenyewe. Kwenye seti ya inchi 20 kila mstari ulipata nusu milimita hivi. Fosfa tatu, nyekundu, kijani na buluu, zilipangwa nyuma ya bati lenye matundu madogo ili kila boriti ya elektroni iguse rangi yake tu, na hakuna doa, hata liwe jembamba vipi, linaloweza kuonesha kitu kidogo kuliko umbali wa tundu hadi tundu. Aidha, mistari 575 haikumaanisha maelezo 575. Raymond Kell na wenzake wa RCA walionesha tangu mwaka 1934 kwamba picha iliyokatwa kwa mistari hutoa sehemu tu ya ukali unaoahidiwa na idadi yake. Kwa kiwango cha 0.7 kilichozoeleka baadaye, mtazamaji alipata kama mistari 400.

Namna ya kisasa ya kupata grafu ya MTF haihitaji kadi yenye makundi mengi. Ilijulikana kwamba ukipima jinsi skrini inavyotanua mstari mmoja mwembamba sana, hisabati ya Fourier itakupa grafu yote kwa mkupuo. Maabara za eksirei zilitumia mwanya wenye upana wa milimita 0.01 kati ya vipande viwili vya metali nzito. Miale ilipita hapo, skrini iking'aa, na mwanga ukasomwa hatua kwa hatua. Kazi ilikuwa ngumu: mwanya ukipinda hata kidogo, miale haipiti. Siku hizi wengi hutumia ukingo badala ya mwanya. Bamba la tungsteni lenye unene wa milimita 1 huwekwa mbele ya skrini, likiwa limelazwa nyuzi 1.5 hadi 3 kutoka kwenye safu za nukta za kifaa kinachosoma. Ulazo huo mdogo ndio ufundi wenyewe. Ukingo ungekuwa sambamba na safu, kila safu ingesoma kitu kilekile. Ukiwa umelala, kila safu inaukata mahali tofauti kidogo, na ukiziunganisha zote unapata mteremko wa kutoka gizani hadi kwenye mwanga uliosomwa kwa hatua ndogo sana, ndogo kuliko nukta yenyewe. Kiwango cha kimataifa IEC 62220-1 cha mwaka 2003 kiliagiza njia hiyo kwa vifaa vya eksirei vya kidijitali.

Na ni kwenye eksirei ambapo kipimo hiki kinagusa uhai. Skrini nene ya fosfa inanasa miale mingi, kwa hiyo mgonjwa anahitaji dozi ndogo. Lakini mwanga uliozaliwa ndani kabisa ya unga una safari ndefu ya kutoka, na unatanuka kwa kiasi kinachokaribia unene wenyewe. Skrini nyembamba ni kali na inapoteza miale; mgonjwa ndiye anayelipa tofauti. Watengenezaji waliongeza rangi ndani ya unga ili kunyonya mwanga uliosafiri mbali kwa ulalo, kwa mantiki ileile ya kioo cha kijivu. Hapo pia ukali ulinunuliwa kwa mwanga, na mwanga kwa dozi.

Njia ya kutoka kwenye mtego huo ilikuwa kubadilisha unga. Thomas Edison alianza kutumia kalsiamu tungsteti mwaka 1896, na kemikali hiyo ikatawala kwa zaidi ya miaka 70. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 zikaja fosfa za gadoliniamu zilizotiwa chembe za terbiamu, zinazotoa mwanga wa kijani, zinanasa miale zaidi kwa unene uleule na kugeuza sehemu kubwa zaidi kuwa mwanga. Dozi ilishuka hadi nusu au chini yake bila kupoteza ukali. Kisha kukawa na sizi iodidi, ambayo huoteshwa kama sindano zilizosimama, kila moja ikiwa na upana wa sehemu chache za elfu za milimita. Mwanga hukimbia ndani ya sindano yake hadi mwisho badala ya kusambaa, na skrini inaweza kuwa nene bila kuwa na ukungu uleule. Kwa picha za matiti, ambapo daktari anatafuta chembe za chokaa za chini ya nusu milimita, kaseti ilikuwa na skrini moja tu, nyuma ya filamu, kwa sababu miale mingi hunaswa pale inapoingilia na mwanga wake unakuwa na safari fupi kufika kwenye filamu.

Hospitali nyingi za Afrika Mashariki zilipoanza kuacha filamu zilipitia bamba la fosfa linalohifadhi picha, ambalo husomwa baadaye kwa leza nyekundu. Hapo ukungu una chanzo kingine. Leza ikiingia kwenye unga inasambaa na kuamsha fosfa iliyo pembeni ya mahali inapolenga, na mashine inadhani mwanga wote umetoka kwenye nukta moja. Anayetafuta kosa kwenye lenzi au kwenye mwendo wa mgonjwa atalikosa.

Grafu ya MTF haisemi yote. Haioneshi chengachenga, na picha kali iliyojaa chengachenga inaweza kuficha uvimbe mdogo kuliko picha laini iliyotulia. Haisemi pia fosfa inabaki ikiwaka kwa muda gani baada ya picha kuhama. Vitu hivyo vina vipimo vyake, na sura inayofuata itavishughulikia.

Kwa sasa nina ombi kwa kila anayesaini hati za kununua vifaa hivi, hasa wakuu wa idara za radiolojia na kamati za manunuzi. Muuzaji akikutajia namba moja ya jozi za mistari kwa milimita, muulize ni kwa utofauti wa asilimia ngapi, kwa mng'ao au dozi gani, na ni katikati ya skrini au pembeni. Kisha mwombe grafu nzima. Kama hana, usinunue.